Macho Makavu ya Maman Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini katika chumba cha macho cha hospitali, mjini Kamembe, mkuu wa idara, tuliyemwita Docteur, alinikuta nikimpa kitambaa mgonjwa aliyetiririkwa na machozi. Akaninyang'anya.

"Muntu akisema analia sana, mupime kwanza. Pengine macho yake iko kavu."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha kipande cha karatasi kinachochomekwa kwenye kope la chini: kikilowa kidogo tu, jicho ni kavu. Machozi mema yana mafuta na ute ndani yake. Yakipungua, ngozi ya juu ya jicho huchubuka, ikawa nyekundu na kuwasha kama imeingia mchanga. Kwa wagonjwa tuliita hali hiyo moto. Yale yanayotiririka ni maji ya jicho lililoumia, hayakai. Ubaya ni kwamba moto huo huharibu tezi na seli zinazotoa ute, basi jicho huzidi kukauka, na moto nao huzidi. Niliyarudia hayo katika vituo vya Gitambi na Giheke nilikohamishiwa, na kote watu walinicheka.

Nilipokuwa nimerudishwa Kamembe, alikuja Maman Zuhura, fundi wa kudarizi kofia. Anayekodolea sindano macho husahau kupepesa, na ukavu huzidi. Nilimtia rangi ya manjano jichoni, nikawasha taa ya buluu. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ilijaa vidoa, alama za ukavu.

"Mimi nalia siku muzima, Papa, na weye unasema macho iko kavu?"

Nilimwandikia machozi ya bandia, nikamwambia huenda akayatumia maisha yake yote. Alikunja uso. Dawa ya kutuliza moto polepole tulikuwa tukiiagiza Kigali, na mara nyingi haikufika. Jirani yake anayefanya biashara Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akamletea kichupa cha matone yenye kotizoni, dawa kali ya kuzima moto upesi. Wiki haikuisha, macho yalikuwa meupe, naye anadarizi huku akiimba.

"Dawa yenu inakawia," aliniambia. "Hii inazima moto."

Ilizima kweli, na hapo ndipo hasira inaponipanda hadi leo. Kotizoni isiyosimamiwa na daktari huweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha huua mshipa wa kuonea bila maumivu yoyote. Nilimweleza. Docteur naye alimkaripia: "Maman, utapofuka. Wacha hiyo dawa." Aliitikia kwa adabu, akaenda kumalizia kofia za Idi, kichupa kikiwa kwenye mkoba. Aliporudi, miezi mingi baadaye, alikuwa akijigonga kwenye milango. Tukaishusha presha, lakini mshipa uliokufa haufufuki.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza raha ya kazi ile, nami huona aibu kuwadanganya. Ugonjwa tuliujua, tulisema kila kilichofaa kusemwa, na yule mama akapofuka mbele yetu.

Juzi nilipita kwake. Kotizoni aliiacha zamani. Aligeuza uso kufuata sauti yangu, akifikicha kope zake nyekundu.

"Mzee, macho imekufa yote mbili. Juu ya nini ingali inawasha?"

Jibu nimelijua tangu ujana wangu: kilichokufa ni mshipa wa nyuma, ukavu wa mbele na moto wake vimebaki. Nilikaa kando yake, nikaushusha mkono wake kutoka kwenye kope.