Casilda Anasubiri Soseji Zikauke

Mimi Obdulia sina mdomo wa kubembeleza watu, na Casilda nilimwambia tangu siku ya kwanza alipopanga safari yake: "Anza na ndege." Hakunisikia. Casilda akishaamua jambo lake, hata padri ampigie magoti habadili.

Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, katika kijiji chetu hiki cha mkoa wa Zamora, Hispania, ambacho siku hizi kina paka wengi kuliko watu. Wadogo zake watatu waliondoka wangali vijana, kama walivyoondoka wa kila nyumba. Baltasar alikwenda viwandani Bilbao. Engracia akaolewa Barcelona. Delfín, kitinda mimba, akavuka bahari mpaka Las Palmas, akapata kazi bandarini na mke wa huko huko, Candelaria. Aliyebaki na kondoo na mama mgonjwa ni Casilda. Na huyo Delfín, mama alimzaa tu. Aliyemlea ni dada yake. Alimnywesha maziwa, akamshonea suruali, akamchapa makofi alipostahili.

Mama alipofariki, kondoo wakauzwa, na mwanamke wa miaka sabini na kitu akajikuta anaamka asubuhi hana wa kumhudumia. Hapo ndipo safari ilipoanza, safari ya mezani nina maana. Alitandaza ramani ya Hispania juu ya meza ya jikoni na kila alasiri akanikalisha pale na kahawa. Mimi nimpeleke Bilbao kwa gari langu, akae kwa Baltasar wiki mbili. Kutoka huko apande treni mpaka Barcelona, wiki mbili nyingine kwa Engracia. Halafu ndege mpaka Las Palmas, kwa Delfín, akae mpaka Candelaria amchoke.

"Shoga, umeipanga kichwa chini miguu juu," nikamwambia. "Huyo wa mbali ndiye hujamwona miaka yote hii. Anza na ndege."

"Nikimwona Delfín kwanza, hawa wengine nitawatazama kwa jicho moja tu. Kitamu kinaliwa mwisho."

"Sema unaogopa ndege."

"Naogopa, ndiyo. Hata gari lako naliogopa, unavyoliendesha!"

Lakini kilichomchelewesha hasa ni nguruwe. Kwetu huendi kwa nduguyo mikono mitupu, na kijiji chetu hakina zawadi nyingine: ni soseji za nyumbani, zenye pilipili nyekundu na kitunguu saumu, zinazoning'inizwa darini juu ya moshi wa jiko. Nguruwe anachinjwa Novemba baridi ikiingia, na soseji zinakuwa tayari Februari ikiisha, mwaka ukiwa mzuri. Mwaka ule ulikuwa wa ukungu. Kila siku Casilda alipanda darini, akaziminya kwa kidole gumba, akashuka anatikisa kichwa.

"Bado laini ndani," anasema, na safari inasogea wiki nyingine.

Delfín alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Casilda masikio yake yamechoka, anaweka sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Unakuja lini, dada?"

"Soseji zikikauka."

"Achana na soseji bwana! Huku maduka yamejaa. Njoo mikono mitupu."

"Eti mikono mitupu! Candelaria ataniona mtu wa namna gani?"

"Casilda, njoo tu."

"Mwanaume mzima unadeka! Machi niko kwa Baltasar, Aprili niko kwako. Kwani wewe unakwenda wapi?"

Delfín akacheka. "Siendi popote. Nipo."

Kicheko kilimletea kikohozi. Casilda akamwambia anywe maziwa ya moto na asali, wakaagana.

Candelaria alipiga simu siku ya kazi, asubuhi, Februari ndiyo kwanza imeanza. Nilisikia ukelele kupitia ukutani, nikakimbia na aproni yangu. Casilda alikuwa amesimama katikati ya jiko, simu mkononi, anasema, "Wifi, subiri kwanza. Wifi, hebu subiri." Delfín alikuwa amekufa alfajiri ile.

Kwetu maiti hakai. Akifa leo, kesho anazikwa. Watu wa mazishi walikuwa wameshatoa saa, kesho yake adhuhuri, na saa yao haisogezwi.

Nilimtia garini mpaka stesheni ya Zamora mjini. Gari nikaliacha pale pale nikapanda naye treni, maana ningemwachaje? Madrid hatukupata nafasi kwenye ndege mpaka kesho yake asubuhi. Gari, treni na ndege alivyovipanga majira yote ya baridi vilimpitia hivyo, asitazame dirishani hata mara moja. Alijishikiza kwenye jambo moja tu. "Saa za kule ziko nyuma ya zetu, Obdulia," aliniambia tena na tena. "Nimeongezewa saa nzima." Asubuhi ukungu ukaufunika uwanja wa ndege, tukakaa vitini pale mpaka saa hiyo ikaisha, na nyingine juu yake.

Tulipofika makaburini, mwashi alikuwa anaosha mwiko. Tundu la ukutani, ndimo kwetu tunamozika, limeshazibwa, saruji bado mbichi. Baltasar na Engracia walikuwepo, wamevaa nyeusi. Kwao ndege ziko karibu, wao waliwahi. Casilda akaweka kiganja juu ya saruji. Mwashi akataka kumkataza, nikamkazia macho, akaacha.

"Alikuwa anaumwa nini?" Casilda akauliza.

Candelaria akainamisha kichwa. "Mapafu, wifi. Tangu Septemba. Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utakuja unalia, na yeye alitaka uje unacheka."

Casilda akawageukia wadogo zake. "Na nyinyi mlijua?"

Engracia akaanza kulia. Baltasar ndiye aliyejibu. "Ulikuwa na furaha sana na ramani yako, dada. Nani angekuwa na moyo wa kukuharibia?"

"Mlikuja kumwona?"

"Krismasi," akasema Baltasar.

"Krismasi. Krismasi mimi niko darini naminya soseji!"

Miaka yote ya ujirani wetu sijawahi kumsikia akipiga kelele. Siku ile alipiga. Aliwatukana wale wawili matusi ambayo sitayarudia, kisha akaugeukia ukuta. "Delfín! Ungesema! Ungesema neno moja tu, mshenzi wewe, ningekuja kwa miguu!" Watu waliokuja kuweka maua makaburi ya pili wakageuka kututazama. Nikamvuta kwangu, akalia. Nikalia na mimi, na mimi si mtu wa kulia.

Jioni tulikula kwa Candelaria, wadogo zake wote waliobaki wakiwa meza moja. Mara ya mwisho ilikuwa walipomzika mama, bila Delfín. Hakuna aliyemaliza sahani yake.

Kesho yake tulisindikizana uwanja wa ndege, kila mmoja na ndege yake. Engracia akamshika dada yake mkono. "Safari yako si ipo pale pale? Njoo Machi. Kitanda kimeshatandikwa."

"Nije kufanya nini? Nilitaka kuwaona wote. Nimewaona."

"Basi tutaonana lini?"

Casilda akamfunga kifungo cha juu cha koti, taratibu.

"Akifa mwingine," akasema. "Na nikiwa mimi, msikimbie. Hamtawahi."