Viatu vya Honorina

Tarehe 9 Oktoba 1986 ilikuwa Alhamisi. Ukungu ulikuwa umekishukia kijiji cha mlimani cha San Pablito tangu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakikatika na kurudi. Saa nane mchana, wanawake wa mtaa walipoweka chini mawe ya kupondea wakaenda kula, Macaria Trejo alisikia jiwe likigonga ubao katika chumba cha nyuma. Mara mbili, kisha kimya kifupi. Mara mbili tena, kisha kimya. Ndivyo mama yake, Honorina, alivyoponda karatasi ya magome miaka hamsini; na Honorina alikuwa na wiki ya tatu kaburini.

Macaria alifungua mlango. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, jiwe liko juu ya rafu, kavu.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hakujua kutengeneza karatasi. Tangu usichana alichagua shanga na sindano, maana maji ya majivu ya kuchemshia magome yalimchubua mikono. Mama yake hakumlazimisha. Alimwambia mara moja tu: "Siku utakayotaka, mimi sitakuwepo."

Siku ya mazishi Macaria alimvisha viatu vyeusi vya ngozi alivyovinunua mjini Tulancingo. Honorina hakuwahi kuvaa viatu maishani mwake, na bintiye alitaka walau aende kaburini kama bibi wa heshima. Watu waliona, wakanyamaza. Lakini kila mtu pale anajua kwamba mganga anapokata sanamu za karatasi, zenye viatu ni za wafu wabaya, wale wanaorudi kusumbua. Sanamu za watu wema hukatwa zikiwa miguu mitupu.

Basi akaenda kwa mganga, Bi Teófila, akamkuta akibangua karanga.

"Ulimvisha kama mke wa karani," alisema Teófila. "Sasa wenzake hawamjui, na wale wengine wanamwita."

"Nifanye nini, mama?"

"Niletee karatasi nyeupe. Nitamkata hana viatu, tumlishe, aende zake."

"Nitanunua kwa Chona."

"Ya Chona inamjua nani? Nataka ya mkono wako. Na iwe kabla ya sikukuu ya wafu, Novemba ikianza. Ikipita, atabaki na wenye viatu, na mimi usinifuate."

Chona, jirani yake, alimpa magome ya mforosadi. Macaria aliyachemsha kutwa nzima, akayasuuza, akayachana nyuzi nyuzi, akazipanga ubaoni kama wavu wa dirisha. Kazi ya jiwe ni kuziponda hadi zitambae na kushikana. Karatasi ya kwanza ilitoka na matundu. Ya pili ilikuwa nene kama mkate wa tortila. Ya tatu iling'ang'ania ubao.

Chona alichungulia juu ya ua. "Shoga, unatengeneza karatasi au unaua nyoka?"

"Nimechelewa kujifunza, usinicheke."

"Sikucheki wewe. Nauonea huruma ubao."

Siku ya nne, saa nane, mdundo ukaanza nyuma yake, naye jiwe analo mkononi. Hakugeuka. Aliufuata: mara mbili, kimya. Ndipo akajua kile kimya ni cha nini. Ni nafasi ya kulowesha kidole na kuusogeza uzi mahali palipo wazi. Alipopiga kwa hasira, yule wa nyuma alinyamaza. Alipolegeza mkono, alianza tena.

Tangu hapo alikula mapema, ili saa nane imkute ubaoni.

Tarehe 23 karatasi ilibanduka nzima, nyepesi kama ganda la kitunguu. Aliiinua dirishani, haikuwa na tundu hata moja. Akaikunja mara nne, akaificha chini ya kopo la shanga. Bi Teófila alipomuuliza njiani, alijibu, "Bado zinatoboka."

Akaendelea kuponda nyingine, na mdundo ukaendelea kuja. Ila ulianza kuchelewa, na kabla yake zilisikika hatua: soli ngumu juu ya sakafu ya udongo, nzito, zikisita kila baada ya mbili tatu. Alipokuwa hai, mama yake alitembea bila kusikika.

Tarehe 30 Chona alisimama uani, safari hii bila utani. "Macaria, nani huyo anatembea kwenu na viatu? Anachechemea."

Macaria alitoa karatasi chini ya kopo, akaenda.

Bi Teófila aliikunjua, akapitisha kidole kwenye mikunjo. "Hii ina siku nyingi."

"Ndiyo."

"Ulitaka abaki."

"Alikuwa ananifundisha, mama."

"Kwa miguu inayomuuma."

Macaria alilia, na mganga alimwacha alie huku akiikunja karatasi katikati na kutia mkasi. Ilipofunguliwa alikuwepo mwanamke ameinua mikono, na chini vidole kumi vya miguu. Walimwekea tamale za mahindi na kahawa, wakamwita kwa jina lake, wakamwelekeza njia.

Kesho yake saa nane Macaria alifungua chumba cha nyuma, akaulaza ubao sakafuni, akapanga nyuzi. Alikaa kitambo amelishika jiwe, akisikiliza; nyuma yake hapakugongwa kitu. Kisha akapiga mara mbili, akanyamaza, akalowesha kidole.