Jiwe Katika Michembe ya Kabula

Kila anapojiandaa kwa kitubio, Koleta wa Kwihara hutafuta dhamiri kwa bidii, na huipata. Ila mara nyingi anayoipata ni ya jirani. Padri alishamwambia kwa upole kwamba dhambi za shemeji yake ataziungama shemeji mwenyewe.

Si mtu mbaya. Msibani huwahi kufika, na haondoki mpaka sufuria zote zioshwe. Lakini kwa mapishi ya watu hana huruma. Akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, anakwambia kama ilikaukia juu ya mwamba au chini kwenye vumbi.

Mwaka huu, kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya yao, sufuria alikabidhiwa Kabula, aliyeolewa karibuni kutoka Nzega. Wote walijua ni mtihani: akifaulu, ndiye atakayempikia askofu akija kwa kipaimara. Kabula alileta michembe ya kwao, akaiunga kwa karanga. Watu walikula kimya, na sahani zikarudi kuomba nyongeza.

Ndipo Koleta akakwaruza kitu kigumu upande wa kulia. Akakitoa mdomoni, akakiinua kila mtu aone.

"Jiwe," alisema. "Nzega mmetuletea mlima mzima."

"Niliiosha vizuri, mama," Kabula alijibu.

Bertila, mwenyekiti wa jumuiya, akatikisa kichwa. "Basi kwa askofu tutatafuta mwingine. Hatuwezi kumvunja meno baba askofu."

Kabula akainama kukusanya miiko yake.

Wakati huo ulimi wa Koleta ulikuwa umekwenda kulipa pole gego lililogongwa. Haukulikuta. Ulikuta shimo. Koleta akalitazama lile jiwe kiganjani: upande mmoja jeupe, upande mwingine la kahawia, limelika. Yeye na jiwe wakafahamiana. Mwaka mzima binti yake alimsihi akaling'oe, naye akajibu kwamba linauma siku za baridi tu.

Hakuna aliyeona. Akafumba ngumi. Mawe Kwihara hayana idadi. Angeangusha hilo kando ya mkeka, nani angelitambua? Tena huyu Kabula, alijiambia, angeichemsha zaidi. Lakini michembe ilikuwa laini hata mtoto asiye na meno angeila.

Kabula akamletea kikombe cha maji, akapiga goti. "Sukutua, mama. Unisamehe."

Hapo Koleta akashindwa.

"Bertila, subiri. Hili jiwe ni langu."

"Lako kivipi?"

Koleta akafungua kinywa. Bertila akainama, akachungulia kama mtu anayetazama kina cha kisima.

"Gego," alitangaza.

"Gego," Koleta alikubali.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamfukuza mtoto wa watu jikoni kwa jino lako bovu?"

"Kwa jino langu bovu. Nimemsingizia mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu. Nisamehe, mwanangu."

Kicheko kikaanzia kwa wanaume, kikazunguka mkeka mzima, na Kabula naye akaficha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Askofu atapikiwa na Kabula," Bertila alisema alipopata pumzi. "Na wewe, Koleta?"

"Nitaosha vyombo."

Kabula akamwongezea michembe. Koleta akala kwa upande wa kushoto, polepole, na hakusema lolote kuhusu chumvi, ingawa kwa maoni yake ilikuwa imezidi kidogo.