Sikufika Mwisho wa Uwanja

Kwa miaka mingi nilitunza uwanja mdogo wa ndege kijijini kwetu, Djugu. Nilifyeka majani, nilifukuza ng'ombe, na asubuhi ya ndege nilitembea uwanja wote, kutoka kichwa mpaka mwisho, nikikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, nilimwambia rubani kwa simu asije. Kutoka juu yeye haoni matope. Anaona majani tu.

Siku ile tulikuwa tunangoja wakwe walete ng'ombe wa mahari ya binti yangu. Kwetu baba hasemi mwenyewe. Kaka yake mkubwa ndiye anayesema. Kaka yangu alikuwa Bunia, na barabara ya Iga Barrière haikupitika kwa sababu ya vita. Rubani aliyezoea kutuletea dawa akakubali kumpa kiti.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa nimeshavaa suruali ya sherehe na viatu nilivyong'arisha jana yake. Nilikanyaga pale kichwani penye changarawe, mara tatu. Pagumu. Huko chini majani yalikuwa yamelowa. Nikatazama viatu vyangu, nikapiga simu.

"Uwanja iko mukavu?" rubani aliuliza.

"Iko mukavu, komanda."

"Umetembea yote?"

"Yote."

Ndege ilitua vizuri. Ilikuwa imeshapunguza mwendo, nami nimeanza kupunga mkono, gurudumu la mbele lilipozama kule chini. Mkia ukainuka, ndege ikapinduka, ikalala chali. Rubani tulimtoa amevunjika mguu. Kaka yangu nilimtoa mwenyewe. Alikuwa amekwisha kufa.

Helikopta ilitubeba na maiti mpaka Bunia. Matanga yalikuwa huko, mtaa wa Saio, nyumbani kwa kaka. Siku ya tatu rubani alikuja na magongo. Akapiga magoti kwa taabu mbele ya mjane.

"Mama, unisamehe."

Mjomba wetu mmoja akamrushia neno: "Weye kuruka unajua! Kushuka nani alikufundisha, kuku?"

Watu wengine walicheka, hata pale msibani. Rubani alijua nilichomwambia kwenye simu, lakini hakunitaja. Mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake. Watu walikuwa wakinipa pole, wakinisifu kwamba nilimbeba kaka yangu kwa mikono yangu. Nilizipokea pole zile zote.

Matanga yalipokwisha, nilimwambia shemeji yangu mjane ukweli. Alikuwa anachagua maharagwe, na mikono yake haikusimama.

"Mbona unaniambia miye?" alisema. "Miye nilimupigia nani magoti? Enda kwa rubani."

Nikaenda kwake, mtaa wa Shari. Rubani alikuwa amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Nilimweleza yote, na habari ya viatu pia. Kisha akasema ofisi yao imemkataza kuruka, wanasema alitua vibaya.

"Utaenda kusema kule?"

"Nitasema."

"Siku ile nilipiga magoti, mbona ulinyamaza?"

"Niliona haya, komanda."

"Na miye?" alisema. "Miye sikuona haya?"

Kesho yake nilisema ofisini, naye amekaa kando yangu. Karani aliandika kwa Kifaransa, akanisomea kwa Kiswahili, nikatia sahihi. Rubani hakunitazama hata mara moja, na mimi sikumwomba anitazame.