Gego la Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kukata uzi kwa mkasi. Mkasi ulikuwapo, mzuri, ukining'inia kiunoni kwa utepe, lakini akifika mwisho wa pindo aliinamisha kichwa, na uzi ukakatikia menoni. Alishona sare za shule tangu ujana wake. Hata alipovunjika nyonga, akabaki ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, aliendelea kuwashonea majirani vifungo na kung'ata uzi vilevile.

"Mume aliondoka," alikuwa akisema, "meno yamebaki."

Kwa hiyo gego la chini lilipoanza kumuuma, alilikemea kama mfanyakazi mvivu, akahamishia chakula upande wa pili. Nilijua mambo yameharibika siku niliyomkuta amechovya mkate kwenye chai, akauacha humohumo.

Kliniki ya jirani ilikuwa na daktari wa meno aliyewaona kwa simu wazee wasioweza kutoka nyumbani. Akiona hali ni mbaya, alikuja mwenyewe na vifaa vyake begani. Lakini alikuwa peke yake na wazee walikuwa wengi, hivyo aliyezidiwa ndiye aliyetangulia. Nilichotaka ni kimoja tu: shangazi aonekane amezidiwa.

Siku ya miadi nilimkuta ameshaoga, amejipaka poda, amemeza vidonge vya maumivu, na mtandio ameuzungusha hadi kidevuni, shavu lililovimba likiwa ndani.

"Shangazi, daktari anataka kuuona huo uvimbe."

"Atauona. Ndiyo nitokee mbele za watu kama niliyefukuzwa kitandani?"

Nilishika simu mkono mmoja, na mkono wa pili kijiko cha chai cha kuvutia shavu. Daktari akatokea, binti mwenye macho yaliyochoka.

"Hujambo, bibi?"

"Sijambo, mwanangu. Sijui wewe?"

"Mzima. Usingizi unapata?"

"Napata, tunashukuru."

"Hapati!" nikasema. "Anakesha ameshika shavu."

Shangazi alinikata jicho. "Msamehe, daktari. Huyu kiherehere alizaliwa nacho. Una watoto wewe?"

"Bado, bibi."

"Basi fanya haraka. Usije ukazaa ukiwa kibogoyo, watu wasijue nani mama nani mtoto."

Daktari alicheka mpaka akashika paji la uso. Nikaingiza kijiko, nikamulika. Picha ikacheza, ikaganda, ikarudi. Nikasema ana homa. Shangazi akasema ni joto la chumba. Nikasema hali chakula. Akasema amekula, tena ameshiba. Daktari alimwamini yeye, na hata mimi ningemwamini. Mwenye jino ndiye anayeulizwa.

"Namwandikia dawa," alisema, "na nitafika wiki ijayo. Uvimbe ukishuka shingoni, au akishindwa kumeza, msiningoje. Mpelekeni hospitali."

Simu ilipokatika, shangazi aliufungua mtandio, akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Hukumwona alivyochoka yule mtoto? Mtu anakusalimia, wewe unamtwisha mzigo?"

Nilipiga tena kliniki. Nikapiga siku iliyofuata. Mpokea simu alinijibu vizuri kila mara, akaniambia ameandika. Dawa zilikuwa hata hazijaisha. Uvimbe uliteremka shingoni, na asubuhi moja maji niliyompa yakamrudi puani.

Gari la wagonjwa lilikuja, lakini machela haikupinda kwenye kona za ngazi. Majirani wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kwa shuka na kuanza kumshusha. Mimi nilifuata nyuma nimebeba viatu vyake, ingawa miguu yake ilikuwa imevimba na visingemwingia.

Hospitalini walimpitisha moja kwa moja, wakamwekea mpira wa kupumulia. Hakusema tena, na hakurudi. Kwa hiyo neno lake la mwisho kwangu ni la pale kwenye ngazi, ambazo hakuwa amezipita tangu nyonga ivunjike. Aliwaashiria wabebaji wasimame. Akazitazama kuta, juu mpaka chini, halafu akanigeukia, akasema kwa taabu, taya zikiwa hazifunguki:

"Kumbe wamepaka rangi. Mbona hukuniambia?"