Mwani kwenye Tangi la Kinyozi

Eutiquio Cabahug, kinyozi wa mtaa wa Pasil huko Cebu, ambaye watu wote walimwita Tikyo, alikuwa na kiti kimoja, vioo viwili, na tangi la maji ya chumvi lililojaza ukuta mzima wa kushoto. Wateja walikuwa na tabia ya kugeuza shingo kulitazama, naye alikuwa na tabia ya kuwashika kidevu na kuwarudisha.

“Endelea kumchungulia huyo samaki,” aliwaambia, “sikio lako utakwenda nalo nyumbani mfukoni.”

Ndani ya tangi kulikuwa na matumbawe aliyoyakuza kutokana na vipande vidogo alivyobadilishana na wenzake: ya waridi, ya zambarau, na mengine yenye vidole laini vilivyocheza kila pampu iliposukuma maji. Tangu mkewe afariki, hilo tangi ndilo lililomtoa kitandani asubuhi.

Basi siku moja, akiwa katikati ya kichwa cha mtu, mkasi ulimponyoka. Akainama kuuokota, mkono wa kulia ukagoma, na ulimi ukawa mzito kama uliotiwa gundi. Mteja akapiga ukelele. Procesa, mdogo wa marehemu mkewe, aliyekuwa akiuza wali uliofungwa kwa majani ya mnazi mlango wa pili, aliacha sufuria jikoni akaja mbio. Alimtazama usoni mara moja tu, akaona mdomo umekwenda upande, akatoka barabarani kusimamisha gari kwa kusimama mbele yake. Daktari alisema baadaye kwamba wangechelewa kidogo, habari ingekuwa nyingine.

Tikyo alilazwa, kisha akapelekwa kwa kaka yake huko Carcar apate nafuu. Procesa akabaki na funguo za duka, na samaki.

Tikyo aliporudi, akitembea kwa fimbo, alisimama mlangoni asiingie. Tangi lilikuwa kijani kitupu. Mwani mrefu kama nywele ulikuwa umefunika mawe na matumbawe, ukipepea huku na huku, na katikati yake vilijaa vipovu vya kijani vyenye kung’aa, vingine vikubwa kama zabibu.

“Shemeji,” alisema polepole, maana ulimi ulikuwa bado unachagua maneno, “uliwapa nini hawa?”

“Chakula! Ulitaka niwape mahubiri?” Procesa alijibu.

“Mara ngapi kwa siku?”

“Kila waliponiomba.”

“Samaki walikuomba?”

“Wakiniona tu wanakuja kwenye kioo midomo wazi. Mimi ni muuza chakula, shemeji. Kinywa kikifunguka mbele yangu nakijaza.”

“Na maji yalipopungua?”

“Nikaongeza ya bomba. Kwani kuna mengine?”

Tikyo akafumba macho. Miaka yote hiyo alikuwa akinunua maji yaliyosafishwa kwenye duka la maji la jirani, kwa sababu maji ya bomba huulisha mwani, na makombo ya chakula ni mbolea juu ya mbolea. Alifungua mdomo kugomba. Lakini akaona kioo kwa nje. Kilikuwa kimefutwa mpaka kinang’aa, hakina hata alama ya kidole. Ndani msitu, nje kama dirisha la kanisa. Alijua ni nani aliyekuwa akikifuta kila siku, baada ya kusimama motoni tangu alfajiri. Hasira ikamwishia kooni.

Rafiki yake Bernaldo, fundi wa majokofu aliyefuga samaki kama yeye, alikuja kutazama, akatikisa kichwa. “Ndugu yangu, na mkono huo? Mwaga maji, gawa hao samaki, weka televisheni.”

“Nani amwage?” Procesa akadakia. “Shamba hili nimelipanda mimi, nitalipalilia mimi. Wewe sema tu tunaanzia wapi.”

Bernaldo akacheka, akawaeleza. Taa iwashwe saa chache. Chakula chembe tu, tena siku moja wape, siku moja waache. Maji yabadilishwe kidogo kidogo. Mwani mrefu ung’olewe kwa mkono, na mawe yasuguliwe kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Vile vipovu, ambavyo navyo ni mwani, ving’olewe vizima. Kikipasuka, kinaweza kumwaga mbegu zake majini.

Procesa alijaribu. Vidole vyake vya kufunga wali vilikuwa na haraka, vikapasua vipovu kimoja baada ya kingine.

“Niachie mimi,” Tikyo akasema, akachukua kibano kwa mkono wa kushoto.

“Na huyo wa kulia je? Yuko likizo?”

“Mgonjwa huyo.”

“Mgonjwa haulizwi uji. Mpe kazi.”

Akampa. Mwanzoni mkono ulitetemeka hata ukaangusha kibano mchangani. Hospitali walikuwa wamempa mpira wa kuminya, akauchukia tangu siku ya kwanza. Lakini kipovu kilichojificha nyuma ya tumbawe la waridi kilimtia ukaidi. Kila alasiri alikaa pale, kiwiko ukingoni mwa tangi, akivizia. Procesa alisugua mawe na kumtania. Tikyo alipong’oa kizima cha kwanza kwa mkono wa kulia, walipiga kelele hadi watu wakaja kuuliza nani kashinda bahati nasibu.

Bernaldo aliwaletea tafi wa manjano, mla mwani hodari.

“Tafi!” Procesa akashangaa. “Si ndiye tunayemkausha, tukamkaanga, tukamla na siki?”

“Huyu anakula mwani,” Bernaldo akasema. “Wewe usimle yeye.”

Matumbawe mengine hayakupona, yakabaki mifupa myeupe. Ya waridi yalifungua vidole tena. Maji yakatakata. Na Tikyo akarudi kwenye kiti chake, ingawa wembe hakuushika tena. Ndevu aliwaachia vinyozi wengine. Bernaldo ndiye aliyetoa kichwa chake kwanza, akatoka nywele za upande mmoja zimepanda, na hakulalamika.

Jioni hiyo Procesa alileta bakuli la supu ya samaki, wakala pamoja mbele ya tangi. Tikyo aliweka kijiko chini.

“Shemeji, sijawahi kukushukuru. Kwa gari lile. Kwa duka. Hata kwa hawa uliowashibisha kupita kiasi. Bila mwani wako, mkono huu ungekuwa umelala mpaka leo.”

Procesa alitazama pembeni, macho yamelowa, akasukuma bakuli mbele yake. “Kula, supu inapoa. Na ukizidi kunishukuru, kesho nitawapa samaki wako wali.”

Tikyo akacheka, akala, akaomba aongezewe.