Kutoka Ndiko Kwenye Maswali

Nilikuja Rumonge kumzika baba, nikafungiwa. Siku tuliyomaliza matanga, basi lilimiminiwa risasi kwenye barabara ya Bujumbura, karibu na Magara, na wanajeshi wakafunga njia. Boti nazo zikakatazwa. Mama alikuwa edani, hatoki. Mimi sikuwa edani, na sikutoka vilevile.

Mume wangu alibaki Ulaya. Nilikuwa na simu mpya, ya kutuma barua pepe, na uwanja wa ndege niliringa nayo kama bibi harusi. Rumonge ilinishushua. Mtandao ulipatikana ufukweni tu, wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwani, na hata hapo simu ilifanya kazi nusu: barua za mume wangu ziliingia, zangu hazikutoka. Kila nikituma, simu inaniambia imeshindikana. Kupiga ng'ambo laini yangu haikuruhusu, na simu za mjini zilikuwa zimekufa.

Yeye alikuwa amesikia habari za basi redioni, na alijua ndiyo siku niliyopanga kuondoka. Kwanza aliuliza kama sijambo. Kisha akanisihi nijibu, hata neno moja. Kisha akaandika kwamba watu wa Rumonge wanaoishi kule wamekusanyika kwetu, wamenisomea hitima. Niliisoma hiyo nimesimama juu ya mchanga, nikaona hasira kabla ya huzuni. Ndivyo tulivyo: risasi zikilia na mtu asionekane, tunamsomea kwanza, tunauliza baadaye.

Barua ya mwisho ndiyo iliyoniogopesha. Kesho jioni anapanda ndege. Akifika Bujumbura atakodi gari, aje auchukue mwili wangu. Kwa barabara ileile.

Nilizima simu, nikawasha. Nilifuta barua za zamani, nikadhani labda imeshiba. Wapi. Nyumbani mama aliniona ninavyoishikashika.

"Mutoto wangu, iyo simu iko inakula roho yako. Bwana yako anasema nini?"

Nikamweleza. Aliweka tasbihi chini, akaniambia nimzuie, kana kwamba nilikuwa nimekaa mikono mapajani.

Asubuhi nilijaribu kutoka mjini kwa miguu, nikatafute simu nyingine upande wa Kizuka. Kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, wenye madumu ya mawese walikuwa wanaingia bila hata kutazamwa. Sisi wa kutoka tulisimamishwa mmoja mmoja: jina, kitambulisho, unaenda kwa nani. Karatasi zangu zilikuwa za ugenini. Askari akazigeuza geuza, akanirudishia.

"Kuingia haina shida, mama," alisema. "Kutoka ndio iko na maswali. Rudi."

Nilirudi nikimlaani kimoyomoyo yeye na ukoo wake, na katikati ya laana hizo nikasimama. Simu! Nilipoiandaa kwa barua pepe kule Ulaya, upande wa barua zinazoingia ulinilazimisha jina na neno la siri. Upande wa zinazotoka uliniambia nijaze nikipenda. Nikaacha wazi. Ni nani aliyepita bariyeri za vita akaandika jina lake mahali asipolazimishwa? Mama alitufundisha hivyo: usilotakiwa, usiseme. Kule mtandao ulinijua, ukanipitisha. Hapa nilikuwa mgeni mlangoni, tena bubu.

Nilikwenda mbio ufukweni. Nikajaza jina, nikajaza neno la siri, nikaandika: Niko hai. Usije.

Ikaondoka.

Nilisubiri. Jibu likaja: Wewe ni nani? Simu hii umeitoa wapi?

Alidhani anayeandika ni mporaji, ameokota simu ya maiti. Nilitaka kuapa, nikaona mwizi naye huapa. Ndipo hasira yangu yote ya Rumonge ikapanda, nikaandika bila kufikiri: Huo wali wa hitima yangu aliupika nani? Kama ni wewe, nasikitika kwa waliokula. Wewe huunguza hata maji.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza ndagala aliniuliza kama kuna msiba. Nikatikisa kichwa, macho kwenye simu.

Simu ikalia. Uliungua, ameandika. Wameula hivyo hivyo, wakilia. Nimeshusha sanduku la safari garini, siji.

Nililia pale pale mbele ya watu, bila haya. Kisha nikazima simu, nikarudi kukaa na mama.